Wasomaji Wauliza: Ukikaa Kimya, Unauziwa Umeme Gani?

Barua za safari hii zimetoka Malindi na Lamu. Tumezifupisha bila kugeuza maana, na majina tumeyaacha kando.

*Mtoto wa dada yangu anaishi Santa Monica, California. Amenitumia picha ya barua inayosema mji umemwandikisha kwenye umeme safi asilimia 100 bila yeye kuomba, na asipoutaka ajitoe mwenyewe. Je, wamemvutia waya mpya? Na ni haki mtu kuandikishwa kitu asichokiomba? (Mama, Barani, Malindi)*

Waya ni ule ule, mama, na mita ni ile ile. Umeme ukikatika, fundi atakayepanda mlingoti ni wa kampuni ile ile ya zamani, na bili inatoka huko huko. Kilichobadilika ni mahali zinakokwenda pesa za kununulia umeme wenyewe. Chukulia gridi, yaani mtandao mzima wa nyaya za umeme, kama jabia moja la mtaa. Wengi wanamimina maji humo, na wewe unateka kwa ndoo yako bila kujua tone lipi limetoka kwa nani. Huwezi kuchagua tone, ila unaweza kuchagua ni mmiminaji yupi alipwe kwa kiasi ulichoteka.

California ilipitisha sheria mwaka 2002 inayoruhusu miji na kaunti kuungana na kununua umeme kwa niaba ya wakazi wao. Marin ndiyo iliyotangulia, mwaka 2010. Santa Monica imo katika muungano uitwao Clean Power Alliance, unaokusanya miji mingi ya Los Angeles na Ventura. Muungano huo una madaraja matatu ya umeme: Lean Power, Clean Power na 100% Green Power. Kila mji huamua ni daraja lipi liwe la wale waliokaa kimya. Santa Monica ilichagua la juu kabisa, na nyumba za watu zikaanza kulipata Februari 2019.

Kuhusu haki: sheria yao inataka mteja aarifiwe angalau mara mbili katika miezi miwili kabla ya kuandikishwa, kisha aarifiwe tena katika bili mbili zinazofuata. Akitaka kurudi kwa muuzaji wa zamani ndani ya siku 60 za mwanzo, hatozwi faini. Anaweza pia kubaki katika muungano lakini ashuke daraja, na hili wengi hawalijui. Mwambie kijana asome sehemu mbili za bili yake. Ya kwanza ni jina la daraja, maana mwanzoni lile la asilimia 100 lilikuwa ghali kwa takriban asilimia 7 hadi 9 kuliko bei ya kampuni ya zamani. Ya pili ni ada inayoandikwa PCIA. Kampuni ya zamani ilikuwa imefunga mikataba mirefu ya umeme kwa hesabu ya wateja wale wale, na walipoondoka gharama iliyobaki ikagawanywa kwao. Wengi huiona ada hiyo wakadhani wametozwa mara mbili. Kama kipato chake ni kidogo na anastahili punguzo liitwalo CARE, ajiandikishe. Mpango ulipoanza, wenye CARE katika miji iliyochagua asilimia 100 hawakutozwa ile nyongeza.

Kwa nini miji haingoji watu waombe wenyewe? Kwa sababu hawaombi, hata wale wanaosema wanautaka. Kusini mwa Ujerumani, mwaka 1999, kampuni ya Energiedienst iliwaandikia wateja wake wapatao 150,000 kwamba asiyejibu atapewa umeme safi. Asilimia 94 hivi walibaki hapo hapo. Asilimia 4.3 walihamia umeme wa bei rahisi zaidi, na walioihama kampuni kabisa hawakufika hata mmoja kwa mia. Ila tusidanganyane: ule umeme safi waliopewa kwa kukaa kimya ulikuwa nafuu kidogo kuliko waliokuwa wakilipa kabla. Laiti ungepanda bei kwa nguvu, kimya kile kingevunjika.

*Sasa kaunti yetu ya Kilifi si iige hayo? Jua tunalo la kumwaga. (Msomaji wa Shella)*

Tunadhani ni Shella ya Malindi, maana ya Lamu nayo ina barua yake hapa chini.

Kwa sasa mteja wa kawaida wa Malindi hana muuzaji wa pili wa kumchagua. Unanunua kwa Kenya Power, basi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi katika mipango yake, na Sheria ya Nishati ya 2019 imeacha mlango wazi kwa wasambazaji wengine wenye leseni, lakini mlango wazi si muuzaji aliyekwisha kufika na mita. Bila wauzaji wawili au madaraja mawili ya bei, neno "chaguo" halina maana, hata la mtu aliyekaa kimya.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi. Ukikaa kimya hapa Kenya tayari unauziwa umeme ambao takriban asilimia 90 yake hautokani na mafuta. Sehemu kubwa zaidi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, ikifuatwa na mabwawa ya maji, upepo na jua. Shamba la upepo la Turkana pekee lina mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Tangu Novemba 2022 tunapokea pia umeme wa Ethiopia kwa mkataba wa megawati 200, na wenzetu wale wanategemea zaidi maji. Kwa hiyo walichokuwa wakikitafuta Santa Monica kwa barua na makaratasi, sisi kwa sehemu kubwa tumekipata kwa kuwa na Bonde la Ufa. Hata ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi, Lamu, mahakama ya mazingira iliufutia leseni Juni 2019.

Kilichobaki ni ile asilimia 10, nayo ina saa zake. Soma jibu linalofuata.

*Mtambo wa sola uko Langobaya, hapa hapa nyuma ya Malindi. Mbona tokeni bado zinakatwa pesa za mafuta? (Mwenye duka, Maweni, Malindi)*

Langobaya ina megawati 40 zinazoingia kwenye gridi, kutoka paneli za megawati 52, na imekuwa ikizalisha tangu mwisho wa 2021. Lakini umeme wake haubaki Malindi. Unaingia kwenye mtandao wa kitaifa na unauzwa kwa bei moja ya nchi nzima. Kuishi karibu na mtambo hakukupunguzii hata senti, kama vile kuishi Olkaria kusivyowapunguzia wa huko.

Makato ya mafuta yanatokana zaidi na saa za jioni. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku ndipo nchi nzima inapowasha taa, televisheni, pasi na majiko kwa pamoja. Langobaya wakati huo imelala. Mvuke unaendelea kwa kiwango chake kile kile, maji yanaongezwa kadiri mabwawa yanavyoruhusu, na upepo unakuja kwa hiari yake. Pengo linalobaki linazibwa na mitambo ya mafuta mazito, na mikubwa iko huku huku Pwani: Kipevu III yenye megawati 120 na Rabai yenye 90. Mafuta yao yanalipwa kwa dola. Ndiyo maana kuna kato la mafuta na jingine la kubadilika kwa thamani ya shilingi, na yote mawili hupangwa upya kila mwezi. Mvua zikikosa, yanapanda.

Kichekesho ni cha usiku wa manane. Watu wamelala, upepo wa Turkana unavuma vizuri, na mara nyingine visima vya Olkaria hupunguzwa kwa kuwa mvuke hauna mnunuzi. Mwenye mita ya nyumbani hana bei ya usiku, kwa hiyo ukipiga pasi saa saba usiku hutalipa pungufu. Biashara kubwa zinayo, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, kwa matumizi yanayozidi kiwango walichowekewa. Mwenye kiwanda cha barafu cha wavuvi anayegandisha mchana na kuzima usiku angekaa chini apige hesabu upya.

Na kwa kuwa u mwenye duka: angalia pia daraja lako la bei. Mita ya nyumbani inapangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi wako chini, wa 30 hadi 100 wako katikati, na waliozidi 100 wako juu. Ukivuka mpaka kwa yuniti chache, yuniti zako zote zinanunuliwa kwa bei ya daraja jipya. Friji la soda lililoungwa kwenye mita ya nyumba ndilo linalowavusha wengi. Wanabaki kuulaumu mtambo wa sola.

*Nina hoteli ndogo ya vyumba 12. Wageni wa Ulaya wananiuliza kama umeme wangu ni safi. Naweza kuandika kwenye tangazo kwamba tunatumia umeme safi asilimia 100? (Casuarina, Malindi)*

Hapana, usiandike hivyo. Andika kwamba umeme wa gridi ya Kenya kwa takriban asilimia 90 ni wa mvuke, maji, upepo na jua, na kama una paneli zako, taja kilowati zake. Hayo mgeni anaweza kuyathibitisha.

Anayetaka kudai asilimia 100 huko nje hununua vyeti. Cheti kimoja ni megawati-saa moja, yaani yuniti 1,000 zilizozalishwa na mtambo unaojulikana, na kikishatumika kinafutwa ili mwingine asikidai. Kasoro yake ni kwamba hesabu hufanywa kwa mwaka. Mwaka mzima umetumia yuniti 60,000, umenunua vyeti 60, basi umekuwa "asilimia 100", hata kama viyoyozi vyako hunguruma saa mbili usiku wakati Kipevu inachoma mafuta. Lawama hiyo hiyo hutupiwa miji iliyowaandikisha wateja wake waliokaa kimya, na ni ya haki. Kuna mtego mwingine pia: ukiuza cheti cha paneli zako kwa kampuni ya nje, wewe huna tena ruhusa ya kujisifia umeme ule. Umeshauza sifa.

*Kwa nini umeme wa taifa ukizimika, hata jirani yangu mwenye paneli kumi darini anakaa gizani kama sisi? (Kijana wa Muyeye, Malindi)*

Paneli zake zimeunganishwa na gridi bila betri. Inverta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiwa ya aina hiyo haitengenezi mapigo yake yenyewe. Inasikiliza volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde ya gridi na kuifuata, na gridi ikitoweka ni lazima izime ndani ya sekunde chache. Si ubovu. Isingezima, ingepeleka umeme kwenye waya ambao fundi aliye juu ya mlingoti anaamini umekufa. Langobaya nayo ni vivyo hivyo: nchi ilipozimika Agosti 25, 2023, mitambo ya jua ya namna hii haikuweza kuwaka peke yake na kuulisha mji.

Anayetaka kuwaka wakati wengine wamezima anahitaji inverta mseto, betri, na swichi inayomtenga na gridi. Mwulize fundi swali moja kabla hujalipa: "Stima ikienda, hii inawasha nini na kwa saa ngapi?" Akianza kujikuna kichwa, tafuta mwingine.

*Tuko sita nyumbani. Tuna friji moja, feni mbili, televisheni, taa sita na pampu ya kisima. Nataka sola ya kutosha, lakini kila fundi ananipa hesabu yake. Ukweli ni upi? (Baba wa watoto wanne, Kisumu Ndogo, Malindi)*

Mafundi wanatofautiana kwa sababu wanaanza na paneli walizonazo dukani. Anza na matumizi. Kwa siku moja: friji ya kawaida yuniti 1.2, feni mbili za wati 60 kwa saa kumi, 1.2, taa sita za wati 9 kwa saa tano, karibu 0.3; televisheni ya wati 60 kwa saa tano, 0.3; kifaa cha intaneti kinachowaka saa 24, 0.25, simu, 0.05, pampu ya wati 750 kwa nusu saa, karibu 0.4. Jumla ni 3.7. Usiamini hesabu ya karatasi peke yake. Soma mita yako saa moja asubuhi siku saba mfululizo, na ukiona unatumia 5 badala ya 3.7, mara nyingi ni friji yenye mpira wa mlango uliochoka.

Paneli: pwani yetu, kilowati moja ya paneli hutoa yuniti 4 hivi kwa siku ukishaondoa joto, vumbi na upotevu wa waya. Kwa hiyo kilowati moja inakutosha kwa shida siku ya jua, lakini masika ya Aprili na Mei yatakuumbua. Chukua paneli tatu za wati 550, yaani 1,650.

Betri: kinachotumika baada ya jua kuzama ni feni karibu zote, taa, televisheni, nusu ya friji na nusu ya intaneti, jumla yuniti 2.5. Betri ya lithiamu usitumie zaidi ya asilimia 80 ya chaji yake, na inverta inakula asilimia 10. Gawa 2.5 kwa 0.8, kisha kwa 0.9, unapata karibu 3.5. Betri ya volti 25.6 yenye ampia-saa 200 ina yuniti 5.1, nayo inakupa nafasi ya siku ya mawingu. Ukiuziwa zile za asidi za lori, kumbuka huwezi kushusha chini ya nusu bila kuziua, kwa hiyo utahitaji yuniti 5.6 za asidi kwa kazi ile ile, na katika joto la Malindi hazichelewi kuchoka.

Inverta: pampu ya wati 750 inapoanza huvuta mara tatu hadi tano ya hapo kwa muda mfupi. Inverta ya kilowati 1.5 itapiga kelele na kujizima. Chukua ya kilowati 3.

Sasa mtego unaochoma inverta nyingi. Paneli moja ya wati 550 ina karibu volti 50 ikiwa haina mzigo. Tatu zikiungwa mfululizo zinafika volti 150. Ziko inverta za kilowati 3 ambazo mwisho wake wa upande wa jua ni volti 145, na ziko za volti 450 na zaidi. Zinafanana kwa sura na mara nyingine zinakaa kwenye rafu moja. Volti ya paneli hupanda asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa hiyo mfumo unaweza kupita jaribio la saa nane mchana ukaungua alfajiri ya pili. Soma kibandiko cha ubavuni mwenyewe, panapoandikwa kikomo cha volti za sola. Kama ni 145, paneli zako ziungwe sambamba, na nyaya ziwe nene zaidi kwa sababu ampia zimeongezeka.

Fundi awe na leseni ya sola ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini. Mifumo mikubwa na ile inayoungana na gridi ni ya daraja T3. Kadi ina picha na tarehe ya mwisho, na si ufidhuli kumwomba akuonyeshe.

*Na shawa ya instanti je, sola itaibeba? (Bibi, Ngala, Malindi)*

Haitaibeba, bibi. Shawa moja ni kilowati 3.5 hadi 5, zaidi ya nyumba nzima ya msomaji aliyetangulia. Tangi jeusi la maji juu ya paa litakuogesha kwa vuguvugu bila waya.

*Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, iko Mkomani. Sakafu ya juu ni tambarare. Upande mmoja tumejenga kibanda cha makuti. Paneli tuweke wapi, na chumvi ya bahari haitazila? (Ndugu wawili, Lamu)*

Kwenye makuti, kamwe. Umeme wa paneli ni wa mkondo mmoja. Kiungo kikilegea kinatoa cheche inayoendelea kuwaka muda mrefu kuliko ile ya umeme wa kawaida, na jua likiwepo huwezi kuuzima kwenye chanzo. Makuti makavu hayasubiri. Hata nyaya zisipite ndani yake, na zikilazimika kupita karibu, ziwe ndani ya bomba.

Sakafu ya juu inafaa, kwa masharti. Paneli moja ya wati 550 ina kilo 27 hadi 28. Paneli tatu na fremu yake ni kilo mia na ushei, na bado hujaweka mawe ya kuzuia upepo wa kusi. Sakafu zile zimebebwa na boriti, na boriti iliyokwisha kunyonya maji miaka mingi inaonekana nzima kwa nje. Elekeza uzito juu ya kuta, si katikati ya chumba. Usitoboe sakafu kufunga fremu: tundu moja la skrubu huingiza maji kwenye chokaa, maji hukaa juu ya boriti, na utagundua baada ya misimu miwili plasta ikianza kukuangukia kitandani. Tumia fremu ya kukalia yenye mikanda ya raba chini na vitalu vya saruji juu ya miguu yake.

Kabla ya hayo yote pitieni ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko yanayoonekana yanahitaji idhini. Paneli zilizoinama kidogo na kusogezwa nyuma ya ukuta wa ukingo hazionekani kutoka barabarani, na hilo husaidia mazungumzo. Bahati nzuri Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi 10 unatosha. Uelekeo wa kaskazini ni bora, ila tofauti ni ndogo mno kugombania. Msizilaze bapa kabisa, maana mvua haitaziosha na kinyesi cha kunguru kitakaa hapo hapo. Seli moja iliyofunikwa hupunguza paneli nzima, na huweza kupata joto hadi ikaungua alama.

Chumvi inakula fremu na viungo kabla ya kula paneli. Ombeni paneli zilizofaulu jaribio la chumvi la IEC 61701. Reli ziwe za aluminiamu, na bolti za chuma kisichoshika kutu cha daraja 316, si 304 na si zile za mabati. Pale chuma kinapogusa aluminiamu wekeni washa ya raba, kwa sababu metali mbili na maji ya chumvi hutengeneza betri ndogo inayokula aluminiamu kimyakimya. Viunganishi vya nyaya vya upande wa kiume na wa kike viwe vya kampuni moja. Vya kampuni mbili huingiana vizuri kwa mkono, vikapisha unyevu, vikayeyuka. Inverta isikae kwenye baraza inayoelekea bahari. Feni yake inavuta hewa ya chumvi moja kwa moja juu ya bodi. Iwekeni ndani, ukutani, penye hewa, na acheni nafasi ya sentimita 30 pande zote.

*Nina paneli za kilowati 5. Nasikia sasa mtu anaweza kuiuzia Kenya Power umeme wa ziada. Nitalipwa ngapi? (Mstaafu, Shela, Lamu)*

Hulipwi pesa taslimu, mzee wetu. Kanuni za 2024 zinakuruhusu kuingiza ziada kwenye gridi, kwa mifumo isiyozidi megawati 1, na kila yuniti unayoingiza inahesabiwa nusu unapokuja kununua.

Kwa kilowati 5 unazalisha yuniti 20 hivi kwa siku. Tuseme mchana unatumia 6 na unaingiza 14. Utaandikiwa 7. Usiku ukitumia 8, unanunua 1 tu. Inaonekana tamu, na si mbaya, lakini ona kwamba yuniti 14 zimekuwa 7. Yuniti inayotumika mchana ndani ya nyumba yako ina thamani kamili. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, hamisha pampu, kufua na pasi ziende saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana. Waliofaidika zaidi na kanuni hizi ni wenye friji za samaki na viyoyozi vya mchana.

Utahitaji idhini ya Kenya Power, mita inayohesabu pande mbili, na inverta yenye uthibitisho wa kujizima gridi ikipotea. Namba ya kuitafuta kwenye karatasi zake ni IEC 62116. Usijaribu kuingiza umeme kupitia mita ya tokeni uliyonayo ukidhani itarudi nyuma. Mita nyingi za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba ni unaoingia, na utajikuta unalipia umeme uliowapa wewe.

*Paneli nazioshea maji ya kisima na sabuni ya unga kila Ijumaa, lakini zimefanya ukungu mweupe. (Langoni, Lamu)*

Maji ya kisima chako yana chumvi, na sabuni ya unga inaacha utando. Osha kwa maji ya mvua uliyoyakinga, bila sabuni, kwa kitambaa laini au sponji, alfajiri kabla kioo hakijapata moto. Ukungu uliokwisha kukauka, jaribu siki moja kwa maji kumi, kisha suuza. Mara moja kwa wiki tatu inatosha, isipokuwa kunguru wamekuzoea.